Figili Nyeusi za Jumanne

Doreen alinipigia simu siku ya arobaini na moja baada ya maziko. Alisema alikuwa amepoteza namba yangu, mpaka alipoikuta imeandikwa nyuma ya karatasi ya dawa. Baba yangu, Hesh Zaslow, alifia Florida katikati ya Februari na kuzikwa huko huko, na Doreen, mke wake wa pili, alikuwa ameshagawa nguo zake.

"Hakuteseka," alisema Doreen. "Alikuwa anatazama televisheni. Nilidhani amesinzia."

"Asante kwa kunijulisha," nilisema.

Nilirudi kazini. Mimi ni fundi wa meno bandia hapa Rochester, na mchana huo nilikuwa na taya la juu la mzee mmoja lililohitaji meno sita. Nikayapanga yote sita. Ganzi naijua kwa kuisikia ikisimuliwa kila siku: mtu anang'olewa jino, anasikia kuvutwa, hasikii maumivu, halafu baadaye anajing'ata shavu mpaka damu bila habari. Nilisubiri yangu iishe. Siku zikawa wiki.

Rabi wetu, Dafna, ni mwanamke asiyependa maneno mengi. Nilimweleza kwenye simu.

"Habari ikikufika ndani ya siku thelathini, unakaa matanga siku saba," alisema. "Ikikufika baada ya thelathini, unakaa saa moja."

"Saa moja?"

"Saa moja. Vua viatu, kaa chini, basi."

Nikavua viatu. Nilikaa jikoni juu ya kreti la plastiki, nikaweka kengele ya jiko dakika sitini. Ukikaa chini hivyo unaona uvungu wa jokofu. Palikuwa na njegere moja iliyokauka na kifuniko cha chupa. Nilivitazama. Kengele ilipolia nilisimama, nikavaa viatu, nikakaanga yai. Matanga ya baba yangu yakawa yamekwisha.

"Imebaki Kadishi, sala ya waliofiwa," Rabi Dafna aliniambia siku ya pili. "Kwa mzazi ni miezi kumi na moja tangu alipofariki. Huwezi kuisema peke yako, Rena. Lazima watu kumi wawepo, waitikie. Ana mtoto mwingine?"

"Hana."

"Basi ni wewe au hakuna."

Wazee wetu wanasema roho ya mtu mwovu huhukumiwa miezi kumi na miwili. Ndiyo maana mtoto huishia wa kumi na moja, asije akaonekana anamshuhudia mzazi wake kuwa alikuwa mwovu. Mimi nilikuwa na ushahidi wa kutosha miezi kumi na miwili na chenji. Hesh aliondoka nikiwa na miaka kumi na miwili. Alichukua redio na suti ya kijivu. Kila mwaka alinitumia kadi ya siku ya kuzaliwa, na kila mwaka kadi ilikosea umri wangu kwa mwaka mmoja, kama kwamba kwake nilichelewa kuzaliwa. Sikuenda kusema Kadishi. Sikukasirika, sikuapa. Nilikaa nyumbani tu.

Mwezi wa Aprili jirani yangu Gail Lipschutz aliingia jikoni kwangu bila kubisha, kama kawaida yake, akafungua jokofu.

"Haradali," alisema. "Haradali na betri. Shoga, unakula nini?"

"Nakula."

"Unakula betri." Akatoa fomu kwenye mkoba, akaibandika mezani. "Mboga za sinagogi. Unalipa shambani wakati wa theluji, unakula wakati wa jua. Kuanzia Juni, kila Jumanne, Wendell analeta lori, unachukua fungu lako. Mvua ikinyesha vizuri tunakula vizuri. Ikikataa tunakula kabichi wote pamoja. Weka sahihi."

"Sitaki."

"Sikukuuliza kama unataka. Nimesema weka sahihi."

Niliweka. Kukataa kulihitaji nguvu kuliko kukubali. Gail ndiye aliyekuwa mkuu wa mboga. Alikuwa na orodha, mizani, na sauti. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa zamu, maana kila mwanachama lazima asaidie kugawa, akaujaza yeye mwenyewe: Jumanne zote, Rena Zaslow.

Alichokiacha kuniambia ni kwamba Jumanne haikuchaguliwa na shamba. Sala ya jioni ya siku za kazi ilikuwa inakufa pale kwetu. Walikuwa wanapatikana watu sita, saba, wanangoja, wanakohoa, wanarudi makwao. Basi msimamizi wa sala, Lenny Abelow, akashauri kamati iweke mboga Jumanne saa kumi na moja na nusu, ukumbini, mlango wa pili kutoka chumba cha sala. Mboga zilikuwa chambo. Kila mtu alijua, na samaki wenyewe walikuwa wanakuja na mifuko yao.

Jumanne ya kwanza nilisimama nyuma ya meza nikigawa sukuma wiki, shada moja kwa kila fungu. Wendell, mkulima, mtu mrefu asiye wa dini yetu, alishusha kreti na kuondoka kabla hajaulizwa maswali. Maswali aliachiwa Gail. Mzee Seymour Pinsker, miaka themanini na mbili, fundi saa mstaafu, aliinua jani la letusi mbele ya kurunzi ndogo aliyokuja nayo mfukoni.

"Huyu nini?" aliuliza.

"Mdudu," alisema Gail. "Mboga haina dawa, Seymour. Loweka kwenye maji ya chumvi."

"Si mmoja. Huyu ana wajukuu. Mdudu si kosheri, ni haramu, Gail. Nikitaka nyama nitakwenda buchani."

"Basi weka kwenye kreti la kubadilishana, chukua tango. Tango halina watoto."

Kreti la kubadilishana lilikaa mwisho wa meza. Usichokitaka unakiacha humo, unachukua alichokiacha mwenzio. Lilikuwa linaeleza watu kuliko orodha ya Gail. Wenye watoto waliacha bitiruti. Wajane waliacha maboga, hawana wa kuwakatia.

Kabla ya saa kumi na mbili kamili Lenny alichungulia ukumbini, akaanza kunyoosha kidole hewani. Kwetu watu hawahesabiwi kwa namba. Ukimhesabu mtu unamwonyesha kwa jicho baya. Kwa hiyo Lenny alihesabu kama alivyohesabu babu yake.

"Si-mmoja, si-wawili, si-watatu..." Alirudi chumba cha sala, akatoka tena. "Nina si-tisa. Nani ananifanyia si-kumi? Dakika kumi na tano, mboga hazitaoza."

Watu wakawa na shughuli za ghafla. Mwanamke mmoja alichunguza karoti kama daktari.

"Gail?" alisema Lenny.

"Mimi idara yangu mboga. Humo ndani sijaingia tangu harusi ya dada yangu, na ile ndoa yenyewe ilivunjika. Mchukue Rena. Rena hana neno."

Kweli sikuwa na neno. Nikaingia.

Nilikaa benchi la nyuma, mfuko wa sukuma wiki mapajani. Sala ilikwenda mbio, kama watu wanaoteremka ngazi wanazozijua. Mwishoni Lenny alisema, "Waombolezaji," na Mzee Seymour akasimama peke yake. Alimsomea Kadishi mdogo wake, Velvel. Sheria inamtaka mtu siku thelathini tu kwa ndugu, lakini Velvel hakuzaa, basi Seymour akajitwisha miezi yote kumi na moja. Alisoma kwa sauti kubwa, ya kugombana. Sala yenyewe haitaji kifo hata mara moja. Ni kumsifu Mungu mwanzo mpaka mwisho. Sisi tisa tuliitikia amina palipotakiwa.

Niliitikia nimekaa. Mtu aliyefiwa na baba, mwenye deni la kusimama, alikaa. Na mtu ambaye sheria ilishamwachia, alisimama. Nililiona jambo hilo waziwazi, kama nilivyoiona njegere chini ya jokofu. Halikunigusa zaidi ya hapo. Nilikwenda nyumbani nikachemsha sukuma wiki, nikala nimesimama.

Ikawa hivyo kila Jumanne. Lenny aliacha hata kuuliza. Alinielekezea kidole tu. "Si-kumi wangu," aliniita. Juni ikaleta letusi na njegere, Julai matango mpaka watu wakawa wanayaacha kwenye magari yasiyofungwa ya wenzao. Ile Jumanne ya mfungo wa kuomboleza Hekalu, kamati ilisahau kubadilisha siku. Ukumbi ukajaa watu wasiokula wala kunywa tangu jana yake jioni, wamevaa raba kwa kuwa siku hiyo viatu vya ngozi ni mwiko, wanagawiana nyanya. Wendell akatuonea huruma kwa joto, akapasua tikiti katikati ya meza.

"Karibuni," alisema. "La bure hili."

Tulilitazama. Mzee Seymour alimeza mate, nikalisikia koromeo lake.

"Mbona hivyo?" Wendell akauliza. "Limeharibika?"

"Wendell, mwanangu," Seymour alisema, "limetuharibu sisi."

Watu walicheka na midomo mikavu. Nami nilicheka, nikasikia kicheko kikitoka kwenye koo langu kama cha mtu wa chumba cha pili.

Mara mbili nilikaribia kusimama. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti; miguu ilijikaza, kisha Seymour akaanza, nafasi ikapita. Ya pili niliwaza Doreen akigawa ile suti ya kijivu, kama bado alikuwa nayo, nikakaa. Hakuna aliyejua. Nilikuwa nimemwomba Rabi Dafna asitangaze, naye hutunza siri kama anavyotunza maneno. Jumanne ndiyo siku pekee watu kumi walipatikana. Nilizihesabu hizo Jumanne kwa namba kabisa, bila si wala nini, zikapungua.

Oktoba ilipokwisha, Wendell alileta figili nyeusi.

Ni mzizi mkubwa kama ngumi, ngozi nyeusi yenye magaga, ndani nyeupe pe. Watu waliziangalia kama mawe. Ndani ya nusu saa kreti la kubadilishana lilikuwa limejaa figili tupu. Nikainama nikaanza kuzitia mfukoni, moja moja, zote.

Hesh alizila Jumapili. Alizikwaruza kwenye grata kubwa ya bati, akachanganya kitunguu, chumvi na mafuta ya kuku, akapaka kwenye mkate mweusi. Nyumba nzima ilinuka. Mama alifungua madirisha hata Januari. Mimi nilipewa kipande cha kwanza, kwa sababu Hesh alisema mtoto anayekula figili haogopi mtu. Alipoondoka aliacha grata. Ninayo mpaka leo.

"Weka hapo," sauti ilisema. Mzee Seymour alikuwa amesimama mbele yangu na mfuko mtupu. "Hizo nilikuwa nazisubiri tangu Juni."

"Nimewahi, Mzee."

"Unazijua? Vijana hawazijui. Unazifanyia nini?"

"Kitunguu na mafuta ya kuku."

Akanitazama kwa muda, kama anavyotazama letusi. "Nani alikufundisha?"

"Baba."

"Yuko wapi?"

"Florida," nilisema. Haikuwa uongo. Nikampa nusu ya figili.

Wiki ya katikati ya Novemba, miezi kumi na moja ya Velvel ilitimia. Seymour alisoma Kadishi ya mwisho kwa sauti ile ile ya kugombana, akafunga kitabu, akatoa chupa ndogo ya wiski na vikombe vya karatasi. Tulikunywa. Hakulia wala hakuhutubia. "Basi," alisema. "Sasa atulie huko, na mimi nipumzike."

Jumanne iliyofuata ilikuwa ya mwisho ya mboga, siku mbili kabla ya sikukuu ya shukrani. Theluji ilikuwa imeanza kutoka upande wa ziwa. Wendell alishusha maboga, vitunguu, kabichi, na figili nyeusi zilizobaki shambani. Alimpa Gail mkono, akatuambia tuonane Juni. Gail aliondoa mizani mezani na kuanza kukunja vitambaa.

"Wiki ijayo Lenny atahesabu viti," aliniambia. "Bila kabichi hawaji. Masikini yule mtu."

Nilisimama na mfuko wangu. Baba alikuwa amebakiza wiki kama nane za Kadishi.

"Si-tisa," Lenny aliita mlangoni, akaninyooshea kidole. Nikaingia.

Sala ilikwenda mbio. Nje ya dirisha palikuwa pamekuwa peupe. Tulipofika mwisho Lenny aliinua kichwa.

"Waombolezaji," alisema.

Mapaja ya Seymour yalijiinua kidogo kwa mazoea, kisha akakumbuka, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti kama mtu aliyenyang'anywa kazi. Lenny alitembeza macho benchi kwa benchi kama sheria inavyomtaka, ingawa alijua. Alilowesha kidole afunue ukurasa mwingine.

Nilisimama.

Mfuko wa figili ulikuwa bado umening'inia kwenye kifundo cha mkono, na sikuwa na akili ya kuutua. Lenny aliganda na kidole chake kilicholowa. Nilianza kusoma. Kinywani maneno hayo ni mazito kuliko masikioni. Miezi yote niliyasikia, sikuwahi kuyabeba. Nilikwama mstari wa tatu. Kutoka benchi la mbele, bila kugeuka, Seymour alinisukumia neno. Nikaendelea. Nikakwama tena, akanisukumia jingine. Palipofika pa kuitikia, sauti tisa ziliitikia kwa pamoja, hata ya mwanamume mmoja aliyekohoa sala nzima.

Sikuhisi kitu. Nilikuwa nimedhani siku nikisimama kitapasuka kitu. Hakikupasuka. Nilisikia watu, na uzito wa figili ukinikata mkono, nikafika mwisho, nikakaa.

Seymour alinisubiri mlangoni, kofia ya baridi imemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Nani?"

"Baba."

"Lini?"

"Februari."

Midomo yake ilihesabu. "Februari! Yaani tangu Juni umekaa huko nyuma na mboga zako, unanisikiliza napiga kelele peke yangu kama kuku aliyetaga?"

"Ndiyo."

"Una roho ngumu, binti."

"Alituacha nikiwa na miaka kumi na miwili, Mzee. Kadi zake hata umri wangu hazikupatia."

"Ahaa." Alivaa glavu moja. "Velvel hakunisemesha miaka kumi na tisa. Kisa kiti cha mama yetu. Kiti, wala si kiti kizuri. Ulidhani nasimama kwa sababu alikuwa mtu mwema?"

"Kwa nini basi?"

Alitafuta glavu ya pili mifuko yote, akaikuta mkononi mwangu. Alikuwa ameniachia nimshikie. "Alikuwa hana mwingine," alisema. "Umebakiza wiki ngapi?"

"Nane."

"Lenny!" alipaza sauti ukumbi mzima. "Jumanne ijayo usizime taa!"

Jumanne iliyofuata hapakuwa na lori wala meza. Sakafu ya ukumbi ilikuwa imepigwa deki, haina hata jani. Nilikuwa nimekwaruza figili asubuhi kabla ya kazi, kwa grata ya Hesh, nikaweka kitunguu, chumvi na mafuta ya kuku, nikafunga kwenye chupa ya kioo. Nilimkuta Seymour amekaa chumba cha sala na koti lake.

"Si-mmoja ni mimi," alisema. "Karibu, si-wawili. Hiyo chupa ina kile ninachokifikiria?"

Alitoa mkate mweusi ndani ya koti. Alijua nitaleta. Tulikula tukingoja. Lenny alikuja, akaanza kupiga simu, akiwatisha watu kwa majina ya mama zao. Rabi Dafna alifika. Yule wa kikohozi alifika na mkewe. Saa kumi na mbili na dakika kumi tulikuwa si-saba. Na ishirini, si-tisa, halafu mlango haukufunguliwa tena. Theluji ilikuwa nzito. Taa za magari zilipita bila kupunguza mwendo.

"Tungoje kidogo," alisema Lenny.

"Mimi mtoto anasubiri nyumbani," alisema mmoja.

"Mtoto wako ana miaka ishirini na sita," Seymour alimwambia. "Kaa. Kula figili."

Nilipaka kipande kingine, nikakiuma vibaya, nikajing'ata shavu. Liliuma. Nikalishika kwa nje na kiganja, nikashangaa jinsi lilivyouma.

Ndipo mlango wa nje ukapigwa teke. Gail Lipschutz aliingia na buti zenye theluji mpaka magotini, koti juu ya suruali ya kulalia, orodha ya mboga bado imechomoza mfukoni. Alisimama kwenye kizingiti cha chumba cha sala, akakitazama kama mtu anayetazama maji asiyojua kina chake.

"Nimeona gari lako hapo nje, Rena," alisema. "Nikajiuliza, kabichi hakuna, huyu anafanya nini huku?" Alitukagua mmoja mmoja, akaona vitabu, akaona chupa, akaniona mimi nimeshika shavu. Alifuta buti, akaja kukaa kando yangu benchi la nyuma.

"Si-kumi," alisema. "Na mtu asinizoee."

Lenny alikuwa ameshaanza.